Gari la Wageni

Kuna safari moja niliyoipanga kwa miezi tisa, saa kwa saa, mpaka nikajua wageni watakunywa chai wakiwa wameelekea upande gani. Haikufanyika. Hadi leo nikiikumbuka nalia, na watu wa kwangu hudhani nawalilia wageni. Wageni gani? Wageni walirudishiwa pesa zao, wakaenda nchi nyingine, wakapiga picha. Mimi namlilia mama mmoja wa Keringet, na najua vizuri kwa nini namlilia.

Mwaka wa 2007 nilikuwa na miaka thelathini na mmoja. Nilifanya kazi katika ofisi ndogo ya safari mjini Nakuru, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vitambaa. Duka na ofisi vilikuwa vya mzee mmoja Singasinga aliyezaliwa papo hapo mjini, mtu mpole ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti hata kwa wezi. Wafanyakazi tulikuwa wawili tu. Mimi nilipanga: njia, hoteli, vibali vya mbugani, nani analala wapi, nani hali nyama. Mwenzangu aliendesha gari na kuwaonyesha wageni wanyama. Alikuwa dereva ambaye ukimwonyesha bawa tu la ndege anakutajia jina lake, kama ni dume au jike, na kama ana njaa. Hilo la njaa alikuwa anawadanganya, lakini wageni walimpenda kwa hilo.

Kikabila tulitoka pande mbili ambazo siku za siasa huangaliana kwa jicho la pembeni. Sisi hatukuwa na habari hiyo. Miaka sita tulikula chapati kwa sahani moja, tukagombana kila asubuhi kuhusu mafuta ya gari, na mke wake alipojifungua mtoto wa pili mimi ndiye niliyepeleka uji hospitalini.

Nina mdomo, sikatai. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nikigomba. Ukiniomba kitu, jibu langu la kwanza ni hapana, tena hapana ya kelele, na mikono kiunoni. Halafu nikishapoa nakupa, na pengine nakuongezea. Mzee mwenyewe akitaka kitu kwangu alikuwa anaomba, anashuka dukani kunywa chai, kisha anarudi kukichukua bila kusema neno.

Gari letu lilikuwa moja, van nyeupe yenye paa la kuinuka. Desemba ya mwaka uliotangulia, dereva aliwapeleka wageni Nairobi, na wakati wa kurudi akasimama Longonot, akanunua mbuzi wa Krismasi, akamlaza nyuma ya kiti cha mwisho kama abiria aliyelipa. Kesho yake tulikuwa na wageni. Tulilisugua gari kwa sabuni, tukalipulizia marashi ya maua, wapi! Mgeni mmoja mama mtu mzima akaniuliza kwa adabu sana kama humo ndani kuna mnyama ambaye bado hajaonyeshwa. Dereva alicheka mpaka akaegemea mlango. Mimi sikucheka. Nilichukua kalamu nyekundu nikaandika: GARI LA WAGENI HALIBEBI MZIGO WA NYUMBANI. Nikabandika ukutani, na tangu siku hiyo ufunguo ukawa unalala kwenye mkoba wangu.

Basi mwezi wa tatu, 2007, ikaja barua pepe kutoka kwa wageni saba, walimu waliostaafu. Walisema wamechoka kukimbizwa nyuma ya simba. Walitaka safari ambayo wakiondoka, wanyama na watu wa hapa wabaki na kitu. Nilicheka nikamwambia dereva, waache nini zaidi ya bakshishi? Lakini usiku ule sikulala vizuri, kwa sababu ukweli ni kwamba na mimi nilikuwa nimechoka. Ziwa letu lilikuwa linarudi nyuma. Kuna miezi ungewapeleka wageni pale kwa sababu ya flamingo, wakute chumvi nyeupe, upepo, na ndege wachache wamesimama mbali, na mimi nimewaandikia kwenye karatasi kwamba wataona ziwa la waridi. Uongo mtupu.

Asubuhi nikamuuliza dereva, "Wewe ungewaonyesha nini?"

"Mimi singeanzia ziwani," akasema. "Ningeanzia kwa mathe."

Mathe alikuwa mama yake mzazi. Aliishi peke yake karibu na Keringet, huko juu kwenye baridi, na alikuwa na kitalu cha miche ya miti ya asili: podo, mianzi, mizeituni mwitu. Alipanda mwenyewe na kuwapa watu wapande kando ya mito na kwenye mipaka ya mashamba. Dereva akanieleza kama mtu anayemweleza mtoto: maji ya ziwa yanatoka Mau. Msitu ukikatwa huku juu, mito inakauka, ndege wanahama. Mito mingine inashuka kwetu, mingine inaenda mbali mpaka Mara, kule nyumbu wanakovuka wakipigwa picha. "Hao wageni wako," akasema, "waanze na shimo la kupanda mti. Simba watamkuta baadaye."

Ndivyo safari ilivyozaliwa. Siku ya kwanza ziwani, waone vifaru na hao ndege waliobaki. Siku ya pili wapande na mto, kwa miguu pale panapopitika. Siku ya tatu Keringet, kwa mama, kupanda miti. Kisha washuke Longonot, watembee na askari wa wanyamapori kutafuta mitego ya nyaya ambayo majangili huwategea swala na pundamilia. Mzee aliposoma mpango wangu alivua miwani akasema, "Hii nzuri, beti. Hii hata mimi naweza kwenda." Beti ni binti, hivyo ndivyo alivyoniita akifurahi.

Katika kazi yetu kuna desturi: safari mpya haiuzwi kabla mpangaji hajaipita mwenyewe na gari tupu. Unalala watakapolala, unaingia choo watakachoingia, unahesabu mashimo ya barabara. Kwa hiyo mwezi wa sita tukapanda Keringet, dereva na mimi. Baridi ilikuwa ya kukata masikio. Mama alitutokea akiwa na sweta mbili na buti za mpira, mfupi, magoti yake yakiwa mabovu hata kutembea kwake kulikuwa kwa kuyumba. Alinitazama kutoka kichwani mpaka viatuni.

"Wewe ndiye yule wa kelele?" akaniuliza.

"Ndiye mimi, mama."

"Afadhali. Mtu wa kunyamaza simwamini."

Hakunikaribisha kiti. Alinipa rundo la mifuko myeusi ya plastiki na karai la udongo, akanionyesha namna ya kujaza na kushindilia kwa kidole gumba. Nilipoinua mche wa kwanza kwa kuushika kwenye shina, alinipiga kibao cha mkono. "Mche haushikwi shingo! Umekukosea nini?" Dereva akawa anacheka pembeni, akala kibao na yeye. Tulijaza mifuko mpaka vidole vikafa ganzi, ndipo akasema sasa tunaweza kunywa chai.

Wakati wa chai alituambia alivyokuja pale akiwa bibi harusi, msitu ukiwa mlangoni, usiku anasikia nyani wakigombana. Miaka ya tisini, wakati wa siasa, alikuwa amelikimbia boma hilo mara mbili. Mara zote mbili alirudi akakuta kitalu kimekanyagwa, akaanza upya. "Mara ya kwanza nilibeba watoto," akasema. "Mara ya pili watoto walikuwa wakubwa, nikabeba mbegu." Alisema hivyo akimenya kiazi, bila hata kututazama. Mimi niliyezaliwa na kukulia mjini, ambaye sijawahi kukimbia chochote isipokuwa mvua, nikaitikia tu, nikaandika kwenye daftari kwamba wageni watapenda kusikia hadithi hii. Haki ya Mungu, ndivyo nilivyoandika.

Kuwapokea wageni alikubali, lakini kwa sharti moja. "Nyinyi watu wa ofisi mna maneno matamu," akaniambia tukiaga. "Mimi siendi nayo. Ukiniambia gari linakuja Alhamisi, lije Alhamisi."

"Mama, gari langu likisema Alhamisi ni Alhamisi."

Na nilitimiza. Mara mbili kabla ya Krismasi nilituma gari kwake, mifuko ya miche na makopo ya kumwagilia, vitu vya safari hivyo, si mzigo wa nyumbani, na mara zote mbili lilifika siku niliyosema. Alianza kunipigia simu mwenyewe, Jumapili baada ya kanisa. Ananiuliza wageni ni saba kweli, au nimepunguza? Wanakula mukimo, viazi vya kupondwa na mahindi? Ameazima vikombe vya kanisa, vinatosha? Aliniita msichana wangu. Mama yangu mzazi alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na tangu hapo hakuna aliyekuwa ameniita msichana wake. Nilianza kuisubiri Jumapili.

Wageni walikuwa watue wiki ya pili ya Januari. Watu walituonya kwamba Desemba ni ya uchaguzi, nikawajibu uchaguzi ni siku moja, sisi tuna safari ya siku kumi. Kila uchaguzi watu hutishana, halafu wanarudi kununua sukari duka moja. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu, na niliyasema kwa kila aliyeniuliza, hasa kwa wageni.

Tulipiga kura Alhamisi. Ijumaa nililiosha gari, na siku mbili kabla ya hapo pia, maana lilikuwa linatoka gereji. Nilifua vitambaa vya viti, nikakwangua matope chini ya paa, nikapanga mablanketi saba mapya. Jumamosi asubuhi matokeo yalikuwa bado. Mji ulikuwa kimya kama mtu anayetega sikio, na maduka mengi hayakufunguliwa. Mzee alikuwa Nairobi kwenye harusi ya jamaa yake. Mimi nilikuwa ofisini peke yangu nikichapa orodha ya wageni, dereva akaingia. Hakunisalimia.

"Nipe gari," akasema. "Masaa sita tu. Nikamtoe mathe."

"Kumtoa wapi? Si yuko kwake?"

"Watu wa huko wameanza kuhama. Yeye mwenyewe amesema anasikia mabaya."

"Siku hizi kila mtu anasikia mabaya! Si apande matatu?"

"Matatu hazipandi huko tangu jana. Teksi nimeuliza nne, wote wamekataa. Na magoti yake unayajua."

Nilikuwa nimeanza kulainika, naikumbuka vizuri dakika ile. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye mkoba. Ndipo nikauliza swali la kijinga kuliko yote niliyowahi kuuliza maishani mwangu.

"Atakuja na nini?"

"Na vitu vyake. Godoro, sufuria, kuku."

"Kuku?" nikaruka. "Kuku ndani ya gari nililolisugua siku tatu? Aka! Umesahau mbuzi wako? Soma ukutani pale. Wageni wanashuka baada ya wiki moja tu, na mzee hayuko wa kutia sahihi. Hapana. Mwambie mama atulie, kesho kutwa mambo yatakuwa yamepoa, nitalituma gari mimi mwenyewe. Bila kuku."

Alisimama tu. Alinijua. Alikuwa akingoja nipoe, na Mungu wangu, ningepoa, ningempa ufunguo na pesa ya mafuta na mablanketi mawili. Lakini simu ya mezani ikalia. Ilikuwa ni mama mmoja kati ya wale walimu saba, anapiga kutoka kwao, amesikia mambo kwenye redio, anataka kujua kama kuna usalama. Nikabadilisha sauti. Sisi wapangaji tuna sauti ya wageni, laini kama siagi, nami nikaitoa yote. Nikamwambia hali ni shwari kabisa. Nikamwambia barabara zote ziko wazi, hata gari leo lingeweza kwenda Keringet na kurudi. Nikamweleza juu ya mama na vikombe vya kanisa, akafurahi, akauliza jina la mti wa podo linaandikwaje. Tuliongea labda dakika kumi na tano. Na kwa kuwa nilikuwa nimeisikia sauti yangu mwenyewe ikisema hali ni shwari, nikaamini.

Nilipoweka simu chini, dereva alikuwa ameondoka. Nikasema atarudi, huyu namjua. Nikaendelea kuchapa.

Hakurudi. Saa nane nikampigia, simu yake ikawa inatumika. Saa tisa vivyo hivyo. Nikakasirika, unaweza kuamini? Nikasema ananinunia kwa sababu ya kuku.

Jumapili jioni matokeo yakatangazwa. Sitaeleza moshi wa nyumba zilizochomwa. Kila mtu wa bonde lile ana moshi wake, na wa wengine ulikuwa karibu kuliko wangu. Mimi nilifunga pazia nikakaa sakafuni siku nne, nikila mkate na maji. Barabara zilizibwa kwa mawe na magogo. Nilipothubutu kutoka na kufika ofisini, nikakuta barua pepe ya wageni. Hawaji. Wanatuombea. Wanauliza yule mama mwenye miche yuko salama? Nilishuka uani, nikafungua gari, nikaketi kiti cha nyuma juu ya yale mablanketi mapya. Gari lilikuwa linanukia sabuni. Nililia mpaka mlinzi akaja kunigongea kioo, akaniuliza, sista, ni nani amefariki? Bado sikuwa najua.

Nilijua wiki iliyofuata. Boma la mama lilichomwa Jumatatu. Yeye na wengine walilala nje kwenye uwanja wa shule ya msingi, siku tatu, mvua ikinyesha, katika ile baridi ya Keringet. Wakaja kutolewa na malori yaliyosindikizwa na askari, wakaletwa Nakuru, wakamwagwa kwenye uwanja wa maonyesho pamoja na maelfu ya watu wengine. Mwanawe alimtafuta kati ya hema siku mbili. Alimkuta ameketi kwenye gunia, anakohoa, amevaa kiatu kimoja. Akampeleka hospitali. Ilikuwa kichomi, mapafu yote mawili.

Nilikwenda kumwona. Nilichagua saa ambayo nilijua mwanawe hayuko. Mama alikuwa amelala, mdomo wazi, amewekewa hewa, mkono wake juu ya shuka una udongo bado chini ya kucha. Nilitaka kuushika. Badala yake niliweka machungwa kwenye kabati nikatoka mbio kama mwizi, nikapitia ngazi za nyuma. Siku ya tatu baada ya hapo akafa.

Walimzika Subukia, kwenye shamba la kaka yake, kwa kuwa kwake hapakuwa na njia ya kurudi. Sikuenda. Niliwaambia watu barabara ni mbaya. Barabara ya Subukia siku hiyo ilikuwa wazi, magari yalikuwa yanaenda na kurudi. Mimi ndiye sikuwa na uso wa kwenda nao.

Mzee aliporudi nilimweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akishika ndevu.

"Kwa nini hukumpa?" akauliza.

"Hukuwa umetia sahihi."

"Mimi? Beti, lini nimetia sahihi kitu ambacho wewe umekataa, au nimekataa kitu ambacho wewe umekubali?" Akatikisa kichwa. "Gari ni bati tu. Bati linanunuliwa." Hakuwa ananikaripia. Kama angenikaripia ningejitetea, ningepiga kelele zangu, lakini alisema kwa huzuni tu, kisha akateremka dukani kwake.

Mwishoni mwa Februari dereva akaja ofisini. Alirudisha darubini, kitabu cha ndege, na funguo za geti la uani. Alivipanga mezani kimoja kimoja. Akasema anahamia Subukia, mjomba wake amempa pa kulima. Akasema, "Asante kwa miaka yote," akashuka ngazi. Ningependa anitukane. Ningependa avunje kitu. Majuto ni mjukuu, wanasema, lakini mjukuu huja kwa miaka yake. Yangu yalikuja mwezi haujaisha tangu niseme hapana.

Niliendelea na kazi, kama unaweza kuiita kazi. Hakukuwa na wageni. Niling'oa ile karatasi ya kalamu nyekundu ukutani, rangi ikabanduka nayo. Mwezi wa nane wale walimu wakaandika tena. Nchi imetulia, wamesikia, wako tayari kuja mwaka ujao kwa mpango ule ule. Na yule mama wa miche, bado anapokea wageni? Mzee akasema nijibu. Nilikaa mbele ya kompyuta asubuhi nzima nikaandika neno moja, "Wapendwa". Nikafunga, nikaenda stendi, nikapanda gari la Subukia.

Nilimkuta dereva akitoka shambani na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Alikuwa amekonda. Aliponiona alisimama, kisha akautua mzigo polepole, akanisalimia kwa mkono. Mke wake alinipa chai na viazi, watoto wakaja kuniangalia. Hakuna aliyenionyesha sura mbaya, na hilo ndilo lililonichosha zaidi. Baadaye akanipeleka kwenye kaburi, nyuma ya mahindi. Lilikuwa tuta la udongo mwekundu na msalaba wa mbao, hakuna zaidi.

Nilikuwa nimejiandalia maneno njiani kote. Yote yalitoroka. Nikajikuta nalia kwa sauti kama mtoto, nikisema kile kitu kimoja nilichokuwa nimekishikilia tangu Januari.

"Ungeniomba mara ya pili," nikasema. "Ningekupa. Wewe unanijua. Ningekupa, haki."

"Najua," akasema. "Ndiyo maana nilikuwa nimeshamwambia."

"Umemwambia nani?"

"Mathe. Nilimpigia asubuhi ile kabla sijaja ofisini. Nilimwambia gari lako linakuja kumchukua. Nilijua utapiga kelele halafu utanipa, sikuona kama ni uongo." Alikuwa akiangalia mahindi, si mimi. "Majirani walikuwa na lori la viazi. Walikuwa wameshampandisha, amekaa juu na kuku wake. Nilipompigia akawaambia wamshushe, wapande wenye watoto. Aliwaambia yeye analetewa gari na msichana wake wa Nakuru."

Niliketi chini pale pale kwenye udongo.

"Si ungempigia tena?" nikasema. "Ungemwambia apande lori."

"Nilipiga mchana kutwa. Simu yake ilikuwa imezima, alikuwa anachajia dukani na duka lilifungwa." Akachuchumaa kando yangu. "Pale hospitali, kabla hajazidiwa, aliniuliza gari lilipata nini. Nikamwambia liliharibika njiani, ukalala nalo porini Molo ukingoja fundi."

"Akasemaje?"

"Alihangaika. Akasema na baridi hiyo, na peke yako. Akaniambia nikupe pole." Aliokota kidonge cha udongo akakisaga kati ya vidole. "Nilikuwa na hasira, sikukuletea. Sasa nimekuletea."